Kununua ngalawa iliyokwishatumika: pa kuangalia kabla ya kutoa pesa

Ngalawa inayouzwa hupakwa rangi kwanza. Utaikuta buluu mbichi, mstari mweupe pembeni, jina limeandikwa upya, na harufu ya rangi bado haijatoka. Rangi yenyewe haina ubaya, ila inafunika kila kitu ulichokuja kukiangalia. Kwa hivyo ukisikia tu kuna ngalawa inauzwa, peleka salamu mapema: "Bwana, usiipake, nataka kuiona kama ilivyo." Mwenye chombo kizima hapungukiwi kitu kwa kukubali.

Tunazungumzia ngalawa ya kwetu, ile ya mtumbwi wa gogo moja, mara nyingi la mwembe, yenye mirengu miwili, ile miti iliyokatiza juu, na matengo mawili, zile mbao zinazofungwa kwenye ncha zake kulia na kushoto ili chombo kisilale. Fundi anapoichonga hapimi kitu kimoja kimoja. Upana wa mtumbwi, urefu wa mirengu, ubao wa matengo, mahali pa mlingoti na ukubwa wa tanga, vyote ni hesabu moja. Ukigusa kimoja, vyengine vinabebeshwa mzigo ambao havikupimiwa. Ndiyo maana tunasisitiza kuchunguza kama chombo kimeguswa, wapi na kwa nini, kabla ya kuuliza bei.

Kuguswa kwenyewe si aibu. Mwembe ni mti laini, unachongeka vizuri lakini unaoza upesi, na ni nadra kukuta ngalawa ya miaka mingi isiyotiwa kiraka. Kiraka kizuri kilichotiwa na fundi anayejua kinaweza kudumu kuliko ubao wa jirani yake. Tunachokiogopa ni badiliko lililofichwa, au lililofanywa sehemu moja bila kutazamwa sehemu nyengine.

Nenda asubuhi, maji yakiwa yamekupwa, chombo kikiwa kimekaa mchangani. Jua la asubuhi linapiga kwa ubavu, na ubavuni ndiko makunyanzi, vinundu na mistari ya maungio inakojitokeza. Saa sita mchana ubavu huohuo unaonekana laini. Chukua kisu kidogo, msumari mrefu uliochongwa ncha, nyundo ndogo, tochi, tepu ya fundi, kipande cha mkaa au chaki, na kamba ya mita kumi isiyovutika. Usitumie mshipi wa nailoni kupimia: unavutika, na utakuonyesha usawa usiokuwapo.

Watu wengi huanza na mtumbwi. Sisi tunaanza na mirengu, kwa sababu hapo ndipo mabadiliko ya hatari zaidi yanapofanywa na ndipo yanapoonekana kwa urahisi.

Funga kamba kwenye ncha ya omo, yaani mbele ya chombo. Ivute hadi ncha ya mbele ya tengo la kulia, tia fundo, kisha ipeleke kwenye ncha ya mbele ya tengo la kushoto. Rudia kutoka tezi, yaani nyuma ya chombo, hadi ncha za nyuma. Ngalawa ni kazi ya mkono, kwa hivyo tofauti ya vidole viwili si kitu. Tofauti ya shibiri nzima ina sababu yake: mrengu mmoja umebadilishwa, au umekatwa, au tengo limefungwa upya mahali pasipo pake. Pima pia kutoka katikati ya mtumbwi hadi kila tengo, kwenye mrengu wa mbele na wa nyuma.

Kisha tazama ncha za mirengu. Ncha ya zamani imechongwa kwa tezo (shoka la kuchongea), imegeuka kijivu, na kingo zake zimelika. Ncha iliyokatwa karibuni ni nyoofu ya msumeno na rangi ya ndani ya mti bado iko wazi. Lakini muuzaji anaweza kuipaka matope ikafanana na ya zamani, kwa hivyo usiishie hapo. Sogeza kidogo kamba zilizofunga mrengu na tengo, utazame mti chini yake. Kamba iliyokaa miaka hujichimbia mfereji wake. Mfereji huo ni laini, umeng'aa kwa mafuta, una rangi ya kahawia, na chumvi nyeupe imeganda kwenye kingo zake. Ukiukuta mfereji kama huo shibiri moja pembeni ya kamba za sasa, mtupu, hauna kitu ndani, umeshajua tengo lilikuwa wapi zamani. Matundu ya vigingi ni vivyo hivyo. Tundu lililozibwa kwa kipande cha mti na kupakwa rangi hujulikana kwa kidole, kwa sababu kipande hukauka na kusinyaa kuliko mti uliokizunguka, kikaacha ukingo mdogo unaougusa.

Kwa nini mtu apunguze mirengu? Mara nyingi ilivunjika kwenye tundu la kigingi, ambapo mti ni dhaifu, na badala ya kutafuta mti mpya akakata kipande kilichoharibika. Mwengine anapunguza kwa sababu diko (bandari ya wavuvi) limejaa vyombo na anataka nafasi ya kuegesha. Mwengine ametia mashine na hatumii tanga tena. Wote wana sababu zao, lakini wewe unayetaka kuvua kwa tanga ndiye utakayebeba matokeo. Chukua mfano wa tengo lililokuwa mita 2 kutoka katikati ya mtumbwi, likasogezwa hadi mita 1.6. Ubao ni uleule, tanga ni lilelile, lakini nguvu ya kuzuia chombo kisilale imepungua kwa moja ya tano. Siku ya upepo mdogo hutaona kitu. Utaona siku ya kusi, ukiwa nje ya mwamba.

Simama baina ya mrengu wa mbele na wa nyuma, ubonyeze kila mmoja kwa mkono karibu na ncha. Yote miwili ipinde kidogo na irudi, tena kwa kiasi kinachokaribiana. Mrengu mgumu kabisa karibu na mrengu unaopinda ni dalili kwamba mmoja si wa asili, na ubaya wake ni kwamba ule mgumu hubeba karibu mzigo wote wa wimbi. Utavunjika huo, au utapasua mahali ulipofungwa kwenye mtumbwi.

Matengo nayo yana siri yake. Tengo la ubao halielei kwa nguvu kama boya. Linafanya kazi chombo kikiwa mbio, kwa sababu ubao umelazwa kwa mshazari na maji yanausukuma juu. Kwa hivyo mshazari huo ni muhimu kuliko unene. Chuchumaa mbele ya omo utazame matengo yote mawili kwa pamoja: yalale kwa mshazari unaofanana. Ukikuta kabari mpya imeingizwa kwenye kigingi, mtu amejaribu kurekebisha mshazari na pengine hakufaulu. Tengo lililosimama wima mno linakata maji na kuzama. Na ukikuta ubao umetolewa, pametiwa bomba la plastiki lililozibwa ncha, au madumu, jua kwamba mirengu inapigwa kwa namna nyengine kabisa. Boya lenye kuelea sana linainuliwa na kila wimbi, na kila wimbi linavuta kamba. Kagua kamba hizo na mahali zinapopita kwenye mtumbwi kwa makini zaidi.

Sasa ingia kwenye mtumbwi wenyewe. Hapa kisu kidogo kinatosha kukupa historia nusu. Omba ruhusa kwanza, kisha kwangua rangi mahali pasipoonekana sana, eneo dogo kama kucha, kwa mshazari, ili tabaka zitokee kama pete. Fanya hivyo ubavuni katikati, karibu na omo, karibu na tezi, na kwenye ubao wowote unaoushuku. Ubavu wa asili unaweza kukuonyesha tabaka tano: buluu, chini yake kijani, chini yake nyekundu, kisha nyeupe, kisha mti uliolowa mafuta ya sifa (ya samaki). Ukikwangua ubao wa juu ukakuta buluu, kisha mti mkavu mweupe, ubao huo umewekwa juzi. Tabaka za rangi hazidanganyi, kwa sababu hakuna anayepaka rangi nne kwa ajili ya kiraka.

Mbao za juu ndizo badiliko la kawaida. Mvuvi anataka kubeba nyavu nyingi zaidi, anapigilia ubao mmoja kila upande kuinua kimo. Ubao wa upana wa wanda (upana wa kidole) nne au tano, uliokalafatiwa vizuri, yaani maungio yake yamezibwa, hauna neno. Ukizidi hapo, mzigo unapanda juu, watu wanakaa juu, na upepo unapata ubavu mpana wa kusukuma. Uliza kama mirengu iliinuliwa pamoja na ubao huo. Mara nyingi iliinuliwa, ikafungwa juu ya ubao mpya, na matengo yakabaki juu ya maji zaidi ya ilivyokusudiwa. Basi chombo kinalala sana kabla tengo la chini halijagusa maji, na likigusa linagusa kwa kishindo.

Tezi inataka tochi. Ngalawa nyingi zimetiwa mashine, kisha mashine ikauzwa peke yake na chombo kikarudishwa kwenye tanga. Tafuta matundu ya parafujo kubwa yaliyozibwa, ubao mnene uliopigiliwa kwa ndani, au mkato wa msumeno uliozibwa kwa kipande. Mashine ya hospawa 15 ya mipigo miwili ina uzito wa kama kilo 36, ikining'inia mwisho kabisa wa mtumbwi mwembamba, na mtetemo wake ni wa saa nyingi kila siku. Mtetemo huo hulegeza misumari na kufungua nyufa zinazoanzia tezini kwenda katikati kufuata nyuzi za mti. Fuata nyuzi hizo kwa ncha ya msumari uliochongwa. Msumari ukizama bila kusukumwa, ufa upo chini ya rangi. Angalia na rumada, vile vyuma vinavyoshika usukani. Vikiwa vimehamishwa, matundu ya zamani yako karibu, na matundu mengi kwenye kipande kimoja cha mti ni mlango wa uozo.

Ncha zote mbili za mtumbwi huoza mapema kwa sababu nyuzi za mti hapo zimekatwa na zinanyonya maji. Kwa hivyo utakuta omo au tezi imeungwa kwa kipande kipya. Kiungo kizuri ni kirefu, cha mshazari, kimelaliana. Kiungo cha kukutana kichwa kwa kichwa, kilichoshikwa na bati tu, ni cha kupita nacho pwani karibu, si zaidi.

Bati lenyewe, likipigiliwa juu ya lami au kitambaa kilicholoweshwa mafuta, ni kiraka cha heshima. Kasoro iko kwenye misumari. Misumari ya kujengea nyumba huliwa na chumvi upesi. Misumari ya chuma ikipita kwenye bati la shaba, chuma kinaliwa haraka zaidi, kwa sababu vyuma viwili tofauti ndani ya maji ya chumvi vinakulana na kilicho dhaifu ndicho kinachoisha. Ukiona machozi ya kutu yanatiririka chini ya rangi mpya, hesabu misumari iliyobaki na vichwa. Vichwa vya misumari vya aina tatu kwenye kiraka kimoja vinakwambia kimeguswa mara tatu.

Faiba inataka neno lake peke yake, kwa sababu inawadanganya wengi. Ngalawa iliyovikwa faiba inang'aa, haivuji siku ya kwanza, na muuzaji atakwambia haizeeki. Ingekuwa kweli kama mti ulikauka kabisa kabla ya kuvikwa. Lakini mtumbwi uliokwisha kukaa baharini umejaa maji, na faiba haishiki vizuri kwenye mti wenye unyevu. Inashika kingo, katikati inabaki kama ngozi iliyotuna. Maji ya mvua yanaingia kwa juu, hayana pa kutokea, na mwembe unaoza gizani ndani ya ganda zuri. Gonga kwa nyundo kila shibiri moja, kuanzia juu kushuka. Mti mzima unajibu kwa sauti kavu, fupi. Mahali pa uozo panajibu kwa sauti butu, na mahali faiba ilipoachana na mti panasikika kama ngoma tupu. Zungushia mkaa kila mahali hapo. Mkizungusha duara nyingi chini ya mstari wa maji, acheni. Kuvua faiba hiyo, kukausha na kutia mbao ni kazi ya kuchonga chombo upya.

Yupo pia yule mdudu anayetoboa mbao baharini. Ingawa umbo lake ni la mnyoo, ni jamaa wa chaza. Anaingia akiwa mdogo sana, kwa tundu la ncha ya sindano, kisha anakua ndani na kuchimba njia inayoweza kufikia unene wa kidole, akiipaka chokaa nyeupe kila anapopita. Nje huoni kitu. Ndiyo sababu kwetu chombo kinavutwa juu, kinakaushwa, kinachomwa kwa makuti chini na kupakwa shahamu iliyochanganywa na chokaa. Mahali palipobadilishwa ubao, kwangua ukingo wa mti wa zamani unaopakana na mpya. Ukiona vijitundu vyenye ukuta mweupe, fundi alikata kipande kilicholiwa akaacha kilichoanza kuliwa.

Unene wa mtumbwi nao upimwe, kwa sababu kuchoma na kukwangua kwa miaka kunaupunguza. Pinda nondo nyembamba iwe kama herufi U yenye mikono mirefu, uipitishe juu ya ukingo, mkono mmoja ndani, mwengine nje, halafu pima nafasi inayobaki. Linganisha kulia na kushoto kwa kimo kilekile. Upande mmoja mwembamba sana unaweza kuwa kosa la mchongaji wa mwanzo, lakini ukiambatana na alama mpya za tezo kwa ndani, mtu amechimba uozo akauondoa bila kurudisha kitu. Na kama chini kuna mkuku wa kuongeza, ule ubao unaopigiliwa kukinga mtumbwi na mawe, chunguza kingo zake zote mbili. Ufa wa chini hupenda kufichwa hapo.

Mlingoti ni jambo fupi. Tazama pale unapokaa sakafuni: kuna tundu moja au mawili? La pili likiwa limezibwa, mlingoti umehamishwa. Ukisogezwa mbele, chombo kinakimbia upepo. Ukirudishwa nyuma, kinauelekea, na mshika kana (mpini wa usukani) atachoka mkono. Angalia na foromali, ule mti unaobeba tanga, kama imeungwa kurefushwa. Foromali ndefu maana yake ni tanga kubwa, na tanga kubwa juu ya mirengu iliyokatwa ni mchanganyiko ambao hatumshauri mtu yeyote kuununua.

Baada ya hapo, maji. Weka magogo ya kutegemea chini ya mtumbwi sehemu tatu, mimina maji ya bahari ndani hadi kimo cha wanda nne tu. Usijaze: lita moja ni kilo moja, na mtumbwi ulio juu ya magogo hauna bahari ya kuubeba kwa nje. Zunguka na chaki, utie alama kila penye jasho. Chombo kilichokaa juani wiki kadhaa kitavuja kwenye nyufa ndogo kisha mti utavimba na kuziba. Kwa hivyo rudi ukishapita muda wa masaa kumi na mawili. Alama zilizokauka zisikutie hofu. Zile zinazoendelea kudondoka, hasa kwenye mstari ulionyooka, ni maungio.

Jaribio la baharini lifanywe ndani ya mwamba, upepo ukiwa wa wastani, na kila mtu avae jaketi la kuokolea. Kwanza elea bila tanga, watu wawili wakikaa katikati kabisa, utazame kama matengo yanakaa kimo kimoja juu ya maji. Kisha pandisha tanga uende kwa kubisha, yaani kwa mshazari dhidi ya upepo, upande mmoja halafu wa pili, muda sawa. Tengo la demanini, upande ulio chini ya upepo, liteleze juu ya maji na kurusha povu dogo. Likizama lote kwa upepo ule wa wastani, rudi kwenye vipimo vya mirengu ulivyoandika. Likizama upande mmoja tu wa kubisha, matengo hayalingani. Achia kana kwa muda mfupi: chombo kizuri kinageuka polepole kuelekea upepo. Kikigeuka kuukimbia, mlingoti au tanga si vya mtumbwi huo. Kumba maji yote kabla ya kuanza, na baada ya nusu saa hesabu makopo ya maji unayokumba.

Mkirejea diko, onana na bwana diko, msimamizi wa hapo. Yeye anakijua chombo tangu kilipofika, na pengine anaijua mashine iliyokuwa juu yake. Linganisha namba iliyoandikwa ubavuni na karatasi za usajili na leseni ya uvuvi. Ikiwa karatasi inataja urefu, upime kwa tepu. Karatasi ya mauziano itaje kila kilichobadilishwa: mirengu, matengo, ubao wa juu, tezi, faiba. Iandikwe mbele ya mashahidi, na sheha, yaani kiongozi wa mtaa, awe mmoja wao ikiwezekana.

Kisha uliza kama mirengu ya zamani bado ipo, hata ikiwa imevunjika na inatumika kuanikia nyavu. Ichukue pamoja na chombo. Matundu yake bado yana kipimo cha fundi wa mwanzo, na fundi wako atakayekuchongea mipya atakitaka.